MWENZIO ANALIA MBELE YA TAMTHILIA, WEWE UNAPIGA MIAYO. KWA NINI?

Mpenzi msomaji, hebu leo tuwe wakweli. Umeshawahi kwenda kumtembelea mchumba wako jioni, umejipulizia, shati limenyooka, mkononi una chipsi na mishikaki ya kumfurahisha, halafu ukapokewa na neno moja tu: "Shhh!" Ukaoneshwa kiti kwa kidole, macho ya mwenyeji yako kwenye televisheni. Ukakaa. Ukaona mwanamke anamtazama mwanamme. Mwanamme naye anamtazama mwanamke. Muziki ukapigwa. Wakaendelea kutazamana. Ukageuka kumwambia mwenzio kwamba hawa watu wanatutania, ukamkuta analia machozi ya kweli!

Mimi yamenikuta, tena si mara moja. Na siku zote nilikuwa na jibu langu la kijiweni: tamthilia ni mambo ya akina mama, sisi tuna mpira wetu. Jibu hilo lilinitosha kabisa mpaka nilipokwenda kukaa wiki tatu Kilwa Kivinje kwa mama mkubwa wangu. Huko nikaona mambo, na leo nafuta kauli.

BI MKUBWA, BI MDOGO NA SULTANI

Kwa wasioijua Kivinje: unatoka Dar na basi la kusini, unashuka Nangurukuru, unadandia bodaboda kuelekea baharini, na muda si mrefu uko kwenye mji wa kale wenye nyumba za mawe zilizochoka, minazi, na majahazi yamelala ubavu maji yakitoka. Usiku hakuna mengi. Ndiyo maana saa ya tamthilia ikifika, kwa mama mkubwa utadhani kuna shughuli: ndara zimejaa mlangoni, watoto wamebanana kwenye mkeka, jirani kaja na kiti chake.

Wakati ule iliyokuwa inatikisa ni ile ya Kituruki iliyoingizwa sauti za Kiswahili na Azam TV, ile waliyoiita Sultan. Mwenyewe unaijua. Sultani Suleiman, aliyetawala dola la Waturuki kuanzia 1520 hadi 1566, na wanawake wake: Mahidevran, mama wa mwana wa mfalme Mustafa, na Hurrem, binti aliyeletwa ikulu akiwa mtumwa na akapanda mpaka akaolewa na Sultani mwenyewe. Kwao Uturuki ilianza kuoneshwa Januari 2011 na ikafika sehemu 139. Sehemu mia moja thelathini na tisa! Mimi ya kwanza tu niliyoikuta, tena katikati, nilitoka nje mara tatu kuangalia kama mtandao umerudi.

Lakini mama mkubwa alikuwa hapepesi. Na hapo ndipo penye habari yenyewe, kwa sababu mama mkubwa ana mke mwenziwe. Baba mkubwa alioa mke wa pili miaka michache iliyopita, akampangia nyumba mtaa wa pili. Nyumba ile haina king'amuzi. Basi bwana, nikaambiwa kwamba mwanzoni bi mdogo alikuwa anakuja kwa visingizio. Leo kaja kuomba chumvi, kesho kaja kuulizia mtoto, na kila mara chumvi ile inaombwa saa ile ile Sultani anapoingia ikuluni. Mwisho akaacha kuomba chumvi, akawa anakuja tu. Anakaa ncha ya mkeka, mama mkubwa ncha nyingine, watoto katikati kama ukuta.

Sasa sikiliza wanavyotazama. Mama mkubwa yuko upande wa Mahidevran. Bi mdogo yuko upande wa Hurrem. Hakuna aliyewagawia, wamejigawa wenyewe.

"Mtu umekaa na mume, umemzalia," mama mkubwa akasema usiku mmoja, macho kwenye kioo, "halafu anakuja mtu na nywele zake anataka na funguo za nyumba. Utamchekea?"

Bi mdogo naye, macho kwenye kioo: "Lakini dada, huyo Hurrem alijileta? Si aliletwa? Kosa lake nini, kupendwa?"

"Kupendwa si kosa. Kosa kujifanya mwenzio hayupo."

"Na yeye mwenzie je? Toka siku ya kwanza hata salamu yake haikuitikiwa."

Mkeka mzima kimya. Mimi niliyekuwa pembeni na simu yangu nikashtuka, maana hata mimi kichwa kigumu nilitambua kuwa hapo hazungumzwi Mturuki tena. Watu wawili ambao mchana wakikutana kisimani wanasalimiana nusu nusu, usiku walikuwa wanaambiana kila kitu, na hakuna aliyemtukana mwenziwe. Wanamsema Hurrem. Wanamsema Mahidevran. Nani atakasirika?

Na baba mkubwa? Siku za zamu ya nyumba ile anakaa kwenye kiti chake cha ukindu, mikono kifuani, dakika kumi hazifiki anaanza miayo. Miayo ya sauti, ile ya kumtangazia mtu. "Upuuzi mtupu," anasema. "Hii kitu inachosha." Anaingia ndani kulala.

KILA MTU NA LAKE MFUKONI

Nilipoona hayo nikaanza kukumbuka tamthilia zote zilizopita na watu walizowakamata, nikagundua kwamba mchawi si picha. Mtu anakwenda kwenye tamthilia na swali lake mfukoni. Akilikuta swali hilo mle ndani, habanduki. Asipolikuta, anaona watu wanatazamana tu.

Chukua ile ya Kichina iliyorushwa na TBC mwaka 2011, Doudou na Mama Wakwe Zake, iliyotafsiriwa na Redio China Kimataifa. Watu wa Beijing, wanakula kwa vijiti, theluji nje. Inatuhusu nini? Lakini binti yule Doudou kaolewa na kijana ambaye wazazi wake wameachana na baba kaoa tena, kwa hiyo ana mama wakwe wawili wa kuwaridhisha kwa mpigo. Muulize mwanamke yeyote wa Kitanzania aliyewahi kuonja ugali wake ukakosolewa na mama mkwe kama anahitaji kuelezwa zaidi! Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 na kuhutubia, tamthilia hiyo aliitaja kwa jina mbele ya wakubwa. Rais wa nchi yenye watu zaidi ya bilioni, anazungumzia mama wakwe.

Au Isidingo, ile ya Afrika Kusini iliyoanza 1998 na kufikia tamati Machi 2020, tuliyokuwa tukiiona kwenye ITV. Kaka zetu waliokuwa hawataki kusikia habari za mapenzi ya Kimexico walikaa kwa Isidingo. Kwa nini? Mle kulikuwa na mgodi, kulikuwa na kazi, bosi, hila za pesa, na mtu kama Barker Haines ambaye kila mfanyakazi aliona kafanana na meneja wake.

Hata huko Uturuki yenyewe Sultan iliwagawa watu. Ilipoanza tu 2011, malalamiko zaidi ya elfu sabini yalipelekwa kwa wasimamizi wa utangazaji. Novemba 2012 Erdoğan, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati ule, aliikemea hadharani, akisema yeye hamjui Sultani wa namna hiyo, kwamba Suleiman alikaa miaka thelathini juu ya farasi vitani, si ndani ya kasri na wanawake. Wakati huo huo mamilioni walikuwa wanasubiri jioni ya kuitazama. Ni tamthilia ile ile. Kiongozi anaona babu yake kavunjiwa heshima, mama wa nyumbani anaona ndoa yake.

Na sisi vijana wa kiume tusijitoe. Nani alikaa na Jumong? Mkorea yule, sehemu 81, sidii zilizochakaa zinapita mkono hadi mkono, watu wanakesha kwenye kibanda umiza mpaka jenereta inazimwa. Mwana asiyethaminiwa nyumbani, ndugu zake wanamdharau, anaondoka anakwenda kuanzisha taifa lake. Kijana uliyemaliza kidato cha nne, hujapata kazi, kila siku nyumbani unaulizwa umefikia wapi, ukikosa kumpenda Jumong utampenda nani? Dada zetu walikuwa wanaona mapanga na ndevu tu.

Tena hapo kuna jambo la lugha. Kina Lufufu na DJ Mark, wale wa kutuhadithia sinema za nje kwa Kiswahili juu ya picha, walijua siri hiyo mapema. Kazi yao wameifananisha na kugeuza wali mweupe kuwa pilau. Mhusika ni Mkorea lakini kwa maneno yao utasikia kaenda Kariakoo. Mtu aliyesema Jumong inachosha, muulize kwanza aliiona ya namna gani. Kama alikuwa anasoma maandishi ya Kiingereza yanayokimbia chini ya kioo, mwacheni, ana haki yake.

MIKONO NAYO INATAZAMA

Kuna jingine ambalo nililipata kwa kumtazama mama mkubwa badala ya kuitazama televisheni. Huyu mama hatazami bure. Mikono yake inasuka ukili. Wiki moja ya Sultan ni pima kadhaa za ukili, na wiki kadhaa ni mkeka wa kuuza. Anatupa jicho, anasuka, anasikiliza, anatupa jicho. Ule utazamaji wa kutazamana uliokuwa unanichosha mimi, yeye hauoni wote. Lile neno linalorudiwa mara tatu ambalo mimi linanikera, yeye analipata mara moja, kwa sababu mara mbili nyingine alikuwa anatafuta miyaa.

Si bahati mbaya. Michezo ya aina hii ilianzia kwenye redio za Marekani miaka ya 1930, na waliotoa pesa walikuwa wenye viwanda vya sabuni, wakiwalenga akina mama walioko kazini majumbani. Ndiyo maana Waingereza na Wamarekani mpaka leo wanaiita michezo ya sabuni. Ilitungwa kwa mtu anayefua, anayekoroga chungu, anayenyamazisha mtoto. Lazima jambo lirudiwe, lazima liende taratibu. Ukikaa mikono kifuani kama baba mkubwa, au na simu kama mimi, lazima uchoke. Umeingia kwenye chakula cha watu bila njaa.

Jaribu siku moja kuitazama huku unapiga pasi. Halafu uniandikie.

KIFURUSHI KIMEKWISHA

Wiki ya pili ya kukaa kwangu, kifurushi kikaisha. Kwa kawaida baba mkubwa ndiye analipa. Safari hii akasahau. Akakumbushwa, akasahau tena. Mama mkubwa akanyamaza, bi mdogo akaacha kuja, na mimi moyoni nikashukuru, nikidhani sasa tutapata amani.

Amani gani! Siku ya tatu pakazuka ugomvi wa samaki. Baba mkubwa kapeleka changu wawili nyumba ile, huku kaleta dagaa. Siku ya tano ugomvi wa zamu, nani kapunjwa usiku. Siku ya saba yakatajwa maneno ambayo siwezi kuyaandika gazetini, tena barabarani, majirani wamekaa barazani wanasikiliza bure. Yale yote yaliyokuwa yanasemwa kwa mdomo wa Hurrem na Mahidevran sasa yalikuwa yanasemwa kwa midomo ya wenyewe, na moja kwa moja. Mama mkubwa akaanza kupanga nguo kwenye begi. Anataka kwenda kwao Lindi, na hakusema atarudi lini.

Usiku huo nilikaa na baba mkubwa nje. Umeme ulikuwa umekatika na mbalamwezi inawaka. Ili tu kuvunja kimya nikamuuliza kwa nini ile tamthilia haipendi.

"Sultani wa kazi gani?" akasema. "Masultani tunao hapo ng'ambo, hakuna anayewaigiza."

Kisha akanihadithia. Jinsi Ali bin Hasan wa Shirazi alivyofika na jahazi lake na kukinunua Kilwa Kisiwani kwa nguo, nguo za kukizunguka kisiwa kizima. Jinsi mwenyeji aliyeuza alivyochukua nguo zake na kuvuka kwenda bara, moyoni ana mpango wa kurudi na jeshi maji yakitoka, maana enzi hizo maji yakitoka watu walikuwa wanavuka kwa miguu. Ali amelala, hana habari. Maji yanaanza kutoka...

Hapo baba mkubwa akanyamaza, akawasha sigara yake. Taratibu.

"Ikawaje?" nikauliza.

"Chota maji ninywe kwanza."

Nikaenda kuchota nikikimbia! Niliporudi ndipo akanimalizia kwamba Ali alitonywa, akachimba mkondo ule mpaka ukawa na kina, na adui alipofika akakuta bahari. Ndiyo maana hadi leo kwenda Kisiwani ni kwa chombo. Nikamwambia, baba, wewe umenikatia hadithi kama wanavyokata wale Waturuki, mtu akiwa hoi wanasema tukutane kesho. Akacheka. Akakubali kwamba zamani na yeye alikuwa na mchezo wake, tena aliufuata kama mlevi.

Ulikuwa Twende na Wakati, wa Radio Tanzania, ulioanza Julai 1993. Televisheni Bara ilikuwa bado, ilikuja mwaka uliofuata. Wakati ule baba mkubwa alikuwa utingo wa lori la Dar na Lindi. Daraja la Mkapa halijajengwa, lilikuja kufunguliwa 2003, kwa hiyo Rufiji walikuwa wanavuka kwa pantoni pale Ndundu, na mvua zikikolea wanalala huko siku na siku wakingoja njia. Mara mbili kwa wiki wanakusanyika kwenye redio. Katika mchezo ule kulikuwa na mtu anaitwa Mkwaju, dereva wa lori, mlevi, ana mwanamke kila kituo, na nyumbani kamwacha mkewe Tunu anateseka.

Nimesoma baadaye kwamba mchezo ule ulitengenezwa kwa kanuni ya Mmexico mmoja, Miguel Sabido: weka mtu mwema, weka mtu mbaya, halafu weka anayeyumba katikati, maana huyo wa katikati ndiye msikilizaji. Tunu ndiye aliyeyumba, mpaka akasimama, akaanza biashara yake. Watafiti walikuwa makini sana, hata Dodoma waliiacha isisikie mchezo huo hadi 1995 ili walinganishe, na matokeo yaliyochapishwa 1999 yalionesha kwamba uliposikika, waliotumia uzazi wa mpango waliongezeka zaidi. Lakini baba mkubwa hajui habari za watafiti. Yeye anamjua Mkwaju.

"Tulikuwa tunacheka," alisema. "Mkwaju akitongoza, madereva wote wanapiga makofi. Huyu ni sisi! Halafu Mkwaju akaanza kuugua. Kicheko kikapungua. Siku moja dereva wangu akanyoosha mkono akazima redio. Akasema, mchezo wenyewe siku hizi unachosha."

Nikamwuliza dereva huyo yuko wapi sasa.

"Tulimzika mwaka 1998. Mimi niliacha gari kabla, nikarudi hapa kwa mama yako mkubwa."

Akavuta sigara mpaka mwisho bila neno. Nami sikuongeza swali. Nilikuwa namtazama tu mkono wake, ulivyonyooka gizani kuonesha namna dereva alivyozima redio, na ulivyobaki hapo hapo hewani kwa muda kidogo.

Asubuhi nilipoamka baba mkubwa hayupo. Mama mkubwa begi lake lipo mlangoni, limefungwa. Saa nne baba mkubwa akatokea, kafika mpaka kwa wakala, kifurushi kalipia cha mwezi mzima, na mkononi kashika mfuko wa samaki, changu wanne. Akautoa mfuko kwa mama mkubwa, akasema wawili wa huku, wawili wa kule, agawe yeye mwenyewe. Mama mkubwa alisimama pale na mfuko muda mrefu. Begi hakulifungua, lakini basi la Lindi lilipita.

Usiku ndara zikajaa tena mlangoni. Bi mdogo alikuja na miyaa yake chini ya kwapa, na safari hii hakukaa ncha ya mkeka. Mambo yalikuwa yamefika pabaya huko ikuluni: Ibrahim Pasha, waziri mkuu na kipenzi cha Sultani, shingo yake ilikuwa inanukia kamba. Baba mkubwa akapiga miayo yake ileile, akaingia ndani, taa ikazimwa.

Zikapita dakika ishirini. Muziki ule wa hatari ukaanza. Na sauti ikatoka chumbani, gizani:

"Ibrahim wameshamuua?"

Wanawake wawili wakatazamana. Mama mkubwa hakuinua kichwa kwenye ukili wake.

"Njoo utazame mwenyewe," akamjibu.